Nimepasuliwa mugongo, lakini ungali unauma: nifanye nini?

Wagonjwa wengi wanaorudi kutuona miezi mitatu ao sita nyuma ya kupasuliwa mugongo wanauliza neno moja: "Walinipasua, tulilipa feza nyingi, na maumivu ingali iko. Munganga alisahau kitu ndani?" Wengine hawaulizi. Wanabaki ku nyumba na kulala siku nzima. Jamaa inauza mbuzi ya mwisho kwa kutafuta mahali pa kupasuliwa tena, ao inaanza kumushitaki jirani kwamba ameroga. Hayo yote yanaleta hasara. Basi, ndugu musomaji, soma karatasi hii polepole, na kama mugonjwa wako hajui kusoma, umusomee.

1. MUGONGO UMEJENGWA NAMNA GANI?

Mugongo si mufupa mumoja. Toka shingo mupaka kiuno kuna mifupa midogo 24 iliyopangwa mumoja juu ya mwingine, na chini yao mufupa mupana wa makalio. Mifupa 5 ya kiuno ndiyo inayobeba uzito mukubwa. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu kinachokubali kubonyea kidogo, kama mupira. Tunakiita disiki. Ndani ya mugongo munapita mishipa ya fahamu, na mingine inashuka mupaka vidole vya miguu.

Disiki ikitokeza inje, inabana mushipa. Ndipo mutu anasikia maumivu yanayoshuka toka kalio mupaka unyayo. Katika mwaka 1934 waganga wawili wa Boston, Marekani, William Mixter na Joseph Barr, waliandika habari za wagonjwa wa namna hii waliopasuliwa. Hata leo shabaha ni ile ile: kuondoa kitu kinachobana mushipa. Wengine wanapasuliwa kwa sababu ya mufupa uliovunjika ku aksida ao kwa kuanguka toka juu ya muti wa ngazi, ao kwa sababu ya kifua kikuu kilichokula mifupa ya mugongo.

Angalia vizuri: kupasua kunafungua nafasi ya mushipa, lakini hakuufanyi mugongo kuwa mupya. Ndiyo sababu maumivu ya muguu mara nyingi yanapungua vizuri kuliko maumivu ya kiuno chenyewe.

2. SABABU GANI MAUMIVU YANABAKI?

Hauko peke yako. Vitabu vya waganga vinahesabu kwamba kati ya watu 100 waliopasuliwa kiuno, watu 10 mupaka 40 wanabaki na maumivu. Sababu ni nyingi:

a) Mushipa uliobanwa wakati murefu unapona polepole sana, hata miezi mingi. Mutu anasikia moto, ganzi, ao kama sindano zinamuchoma.
b) Kovu. Kama vile kidonda cha ngozi kinaacha kovu, vivyo hivyo ndani.
c) Misuli imekuwa zaifu kwa sababu ya kulala sana.
d) Disiki ile ile imetoka tena. Hii inapata karibu watu 5 mupaka 15 kati ya 100.
e) Maumivu yanatoka mahali pengine, kama viungo vya makalio.
f) Mwili umezoea kuogopa. Imbwa aliyeona wezi mara nyingi anabweka hata jani likianguka. Vivyo hivyo fahamu za mutu aliyeumwa myaka mingi zinapiga kelele hata kama hakuna kinachoharibika. Maumivu hayo si uongo. Ni ya kweli, lakini hayaonyeshi kwamba mugongo unavunjika.

3. DALILI ZA KUKIMBIZA KU HOSPITALI SIKU ILE ILE

- Mukojo unakataa kutoka, ao mukojo ao choo kinatoka bila kujua.
- Ganzi katikati ya mapaja, pale panapogusa kiti.
- Miguu inapoteza nguvu, unaburuta unyayo.
- Homa, ao kidonda kinatoa usaha ao maji.
- Muguu mumoja unavimba na kuuma ku nyama ya chini ya goti. Ao kifua kinauma na pumzi inakuwa fupi.

Maumivu yanayozidi usiku na mwili kukonda, usiyaache mupaka mwezi mwingine. Njoo juma lile.

Kwa tatu za kwanza, kuchelewa siku moja kunaweza kuleta kilema cha maisha. Usingoje siku ya soko.

4. KAZI YA KILA SIKU

Zamani tulilaza wagonjwa juma nyingi. Leo tunajua kwamba kulala sana kunazofisha misuli. Fuata mambo haya, kama munganga aliyekupasua hakukataza:

Kutembea. Anza dakika 5 ao 10, asubuhi na mangaribi, mahali pa sawa. Kila juma ongeza kidogo. Usifanye kazi ya siku tatu kwa siku moja kwa sababu umejisikia vizuri. Kesho utalala tena.

Mazoezi. Lala chali juu ya mukeka, piga magoti juu. Ingiza tumbo ndani, hesabu mupaka 5, legeza. Fanya mara 10. Ukizoea, inua makalio kidogo toka chini, hesabu mupaka 5, shusha polepole. Kuuma kidogo kama misuli iliyochoka si kitu. Maumivu yakishuka ku muguu, acha na uje tukuangalie.

Mizigo. Katika juma 6 za kwanza usibebe kitu kinachopita kilo 5. Bidoni ya litre 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20 na zaidi. Chota maji katika bidoni ya litre 5. Kubeba kuni ao makala ku mugongo kwa kamba ya kichwani, acha kwanza mupaka munganga akubali. Kama walikuwekea vyuma ao waliunganisha mifupa, utangoja miezi mingi zaidi.

Shamba na jikoni. Jembe la mupini mufupi linakupinda siku nzima. Tia mupini murefu. Usitwange sombe saa nzima. Pumzika kila kidogo. Kwa kuinua kitu, piga magoti, kilete karibu na tumbo, kisha simama kwa nguvu ya miguu.

Kulala. Lala kando, na kikwembe kilichokunjwa katikati ya magoti.

Tumbako. Acha. Inazuia mifupa kuungana.

5. DAWA

Paracetamol ya mg 500: mutu mukubwa anaweza kumeza vidonge 2, akingoja saa 6 mbele ya kurudilia. Asipite vidonge 8 katika mchana na usiku. Ikiwa ini inamuuma ao anakunywa pombe sana, aulize kwanza.

Ibuprofene na diclofenac zinasaidia kwa siku chache, lakini zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Meza nyuma ya chakula. Mama mwenye mimba, na mutu mwenye kidonda cha tumbo, asizimeze bila ruhusa.

Usinunue ku soko vidonge vya dexamethasone. Vinatuliza upesi, lakini vinalegeza mifupa na kupandisha sukari katika damu. Tramadol inaweza kumufunga mutu kama pombe. Tena usikubali sindano za matako za kila siku: sindano ikikosa mahali pake inaweza kuumiza mushipa mukubwa wa muguu.

Kwa maumivu ya moto na sindano kuna dawa zingine, kama amitriptyline. Munganga ndiye anayezitoa.

6. NIPASULIWE TENA?

Mara ya pili inasaidia watu wachache kuliko ya kwanza, na ya tatu wachache zaidi. Mbele ya kuuza shamba, uliza munganga maneno matatu: Kitu gani kinabana sasa? Picha inakionyesha kweli? (Radio ya kawaida haionyeshi disiki wala mishipa; inahitaji picha ya mashini ingine.) Na mahali penye picha inaonyesha panapatana na mahali ninapoumwa? Kama majibu si wazi, feza yako ingoje.

7. KWA JAMAA

Usimwambie, "Umevivuka tu, kidonda kimefunga." Kidonda cha inje kimefunga, mushipa haujapona. Vilevile usimufanyie kila kitu kama mutoto. Mupe kazi anayoweza: kuchambua maharagwe, kukagua masomo ya watoto, kuuza ku meza. Mama mukwe na mume wasikilizane nani atachota maji.

Wengi hawatarudi kama walivyokuwa zamani. Lakini mutu anayeumwa kidogo na anatembea, analala usiku na anafanya kazi yake, amefika mbali. Siku ya kurudi ku hospitali, ulete picha zote na karatasi ya kupasuliwa.