Kura kwa Thamani ya Shamba

Wanachama, kila msimu wa karafuu ukikaribia, barazani huzuka maneno yale yale: mwenye mikarafuu elfu ahesabiwe sawasawa na mwenye mikarafuu thelathini? Safari hii twapenda mjue khabari za wakulima wa nchi ya mbali, ambao kwao suala hilo lilifika hadi mahakama kuu kuliko zote.

Nchi yenyewe ni Marekani, jimbo la California, kaunti ya Kings, bara la pamba na nyanya. Huko, mbali na serikali ya kaunti, ziko mamlaka ndogo ndogo, kila moja na kazi yake: hii ya maji, ile ya zimamoto, nyingine ya kutunza makaburi, na iko hata ya kuua mbu. Kila mamlaka ina bodi yake, na nyingi zina ruhusa ya kuwatoza watu fedha. Hesabu ya mwaka 2022 ilikuta mamlaka za namna hii zaidi ya 39,000 katika Marekani nzima.

Sasa tazama mamlaka moja ya maji, ile ya bonde la Ziwa Tulare. Ziwa lilikaushwa zamani likawa mashamba. Kesi ilipofika mahakamani, mamlaka ilikuwa na ekari 193,000, na watu waliokaa humo ni 77 tu. Kampuni nne zililima karibu asilimia 85 ya ardhi yote. Kura ilikwenda kwa thamani: kila dola 100 za ardhi, kura moja. Mwenye kukodi shamba hakuwa na kura, wala kibarua aliyelala papo hapo. Kampuni ya J. G. Boswell peke yake ilikuwa na kura 37,825, nazo zilitosha kuchagua wajumbe walio wengi katika bodi.

Mwaka 1969 yalikuja mafuriko. Bodi iliombwa iyageuze maji kuelekea bonde la ziwa jingine, Buena Vista. Lakini Boswell ilikuwa imekodi mashamba huko kwa muda mrefu. Bodi ikapiga kura, 6 kwa 4, jambo likawekwa kando, na bonde la Tulare likafurika. Walioshitaki hawakuwa wanyonge wote. Kampuni ya Salyer, iliyoongoza kesi, nayo ilikuwa na mashamba makubwa. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji 6 kwa 3, kwamba upigaji kura ule ni halali, maana kazi ya mamlaka ni maji tu na gharama zake hubebwa na ardhi. Jaji Douglas alikataa, na sisi tungekuwa upande wake. Maji ya mafuriko hayaulizi hati ya shamba kabla ya kuingia chumbani mwa mtu.

Mtasema, hakuna wa kuwatazama wakubwa hawa? Wapo. Sheria ya mwaka 1953 inataka mikutano ya bodi iwe wazi kwa watu, na siku hizi ajenda hubandikwa saa 72 kabla. Mwaka 1963 kila kaunti ilipewa tume ya kuamua mipaka ya mamlaka, kuziunganisha na kuzivunja. Tena liko baraza la raia, aghalabu 19, waapishwao kila mwaka. Hao huweza kufungua madaftari ya mamlaka na kuandika ripoti, na bodi lazima ijibu kwa muda wa siku 90. Kulazimisha hawawezi. Na katika kaunti za shamba mara nyingi hakuna hata mshindani wa kiti, basi uchaguzi haufanywi na mjumbe huteuliwa tu.

Aliyetikisa mambo ni serikali ya jimbo. Sheria ya mwaka 2014 ilitaka mamlaka za visima zitengeneze mipango ya kulinda maji ya chini ya ardhi. Ya Tulare haikutosha. Visima vilivutwa mno hata ardhi yenyewe ikatitia. Aprili 2024 bodi ya maji ya jimbo ikaliweka bonde chini ya uangalizi wake: kila kisima kikubwa kilipiwe dola 300 kwa mwaka, na maji yapimwe na yalipiwe. Chama cha wakulima wa Kings kikaenda mahakamani kupinga, na mwaka huo huo jaji akaisimamisha amri hiyo kwa muda.