Saa 20 kwa Wiki: Mipaka ya Kazi kwa Mwanafunzi wa Kitanzania Nchini Uingereza

Mwanafunzi wa Kitanzania anayepata udahili katika chuo kikuu cha Uingereza hupewa viza inayomruhusu kusoma, na ndani yake ruhusa ndogo ya kufanya kazi. Ukubwa wa ruhusa hiyo ni jambo ambalo familia nyingi hulielewa nusu. Wapo wazazi wanaouza kiwanja au kuchukua mkopo ili kulipa ada ya kuanzia, wakiamini kuwa fedha zilizobaki zitapatikana kwa kazi za huko huko. Taratibu za uhamiaji za nchi hiyo hazikuwekwa kwa matarajio hayo, na mwanafunzi anayelazimisha kuyatimiza anaweza kupoteza viza, masomo na fedha zilizokwisha kulipwa.

Hesabu yake si ngumu. Kwa anayesoma shahada kwa muda wote, katika chuo chenye rekodi nzuri ya kudhamini viza za wanafunzi, kikomo ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Anayesoma ngazi iliyo chini ya shahada, zikiwemo kozi za maandalizi ya kuingia chuo kikuu, ana saa 10 tu. Kima cha chini cha malipo kwa mfanyakazi mwenye umri wa miaka 21 na zaidi, kuanzia Aprili 2026, ni pauni 12.71 kwa saa. Anayefanya saa zote 20 kila wiki hupata takriban pauni 254, yaani kama pauni 1,100 kwa mwezi kabla ya makato. Kwa upande mwingine, viwango vya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza vilivyoanza kutumika Novemba 2025 vinakadiria gharama za kujikimu kuwa pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London, na pauni 1,171 kwa anayesoma nje ya jiji hilo. Mwanafunzi aliyepata kazi siku aliyofika, na asiumwe hata siku moja, bado hafikii gharama za malazi na chakula, sembuse ada.

Ndiyo maana mshahara unaotarajiwa kupatikana Uingereza haukubaliwi kuwa ushahidi wa uwezo wa kifedha. Mwombaji hutakiwa kuonesha ada ya mwaka wa kwanza ambayo bado haijalipwa, pamoja na fedha za kujikimu za hadi miezi tisa, ambazo ni pauni 13,761 kwa London na pauni 10,539 kwingineko. Fedha hizo zikae katika akaunti kwa siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita siku 31 kabla ya kuwasilisha maombi. Akaunti inaweza kuwa ya mzazi, mradi ziambatishwe cheti cha kuzaliwa cha mwombaji na barua ya ridhaa ya mzazi huyo. Hapo neno "mfululizo" lichukuliwe kama lilivyo. Baba akitoa mchango wa msiba siku ya 20 na salio likashuka chini ya kiwango, hata kama atalirudisha kesho yake, siku huanza kuhesabiwa upya. Familia inayojiandaa kwa safari hii ni vyema ikatenga akaunti isiyoguswa kwa shughuli nyingine. Ikumbukwe pia kuwa tozo ya huduma za afya, pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba viza, na kwamba mwombaji kutoka Tanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi sita anahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu kutoka kituo kinachotambuliwa na mamlaka za Uingereza.

Wiki inavyohesabiwa

Kwa mujibu wa taratibu hizo, wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili. Saa 20 ni kikomo cha kila wiki peke yake, wala si wastani wa mwezi. Aliyefanya saa 24 wiki hii na saa 16 wiki inayofuata amevunja sharti katika wiki ya kwanza, na upungufu wa wiki ya pili haumsaidii. Mwenye waajiri wawili hujumlisha saa za kote, na kila mwajiri huenda asijue habari za mwenzake. Kwa hiyo wajibu wa kuhesabu unabaki kwa mwanafunzi mwenyewe.

Hatari hii huonekana zaidi katika nyumba za kulelea wazee, ambako zamu moja inaweza kuwa ya saa 12. Zamu mbili tu katika wiki moja ni saa 24. Msimamizi anapopiga simu Jumamosi kuomba msaada kwa sababu mfanyakazi mwingine ameugua, jibu la mwanafunzi aliyekwisha fanya zamu moja na nusu linapaswa kuwa moja, hata kama malipo yanavutia. Saa za kazi isiyolipwa nazo huhesabiwa, isipokuwa shughuli halisi za kujitolea katika taasisi za hisani, ambazo hazina mkataba wala wajibu wa mfanyakazi.

Mafunzo kwa vitendo yaliyo sehemu rasmi ya kozi na yanayopimwa na chuo hayaingii katika saa 20. Hata hivyo, kwa kawaida hayapaswi kuzidi nusu ya muda wote wa kozi ya shahada, na ni chuo kinachotakiwa kuyaidhinisha na kuyatolea taarifa. Mwanafunzi anayejitafutia mafunzo ya namna hiyo bila chuo kujua amejitafutia ajira ya kawaida, na kikomo kinamhusu.

Likizo isiyo likizo

Wakati wa likizo rasmi mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi kwa muda wote. Hapa pana tofauti kubwa ambayo haielezwi vya kutosha. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana likizo ndefu ya kiangazi, na kwa miezi hiyo anaweza kuajiriwa bila kikomo cha saa 20. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja kwa kawaida hana likizo hiyo. Kuanzia Juni hadi Septemba, vipindi vya darasani vinapokuwa vimekwisha, yeye anaandika tasnifu, na kwa macho ya sheria bado yuko ndani ya kipindi cha masomo. Kikomo cha saa 20 kinaendelea hadi tarehe rasmi ya mwisho wa kozi, hata kama amekabidhi tasnifu wiki mbili kabla.

Watanzania wengi wanaokwenda Uingereza kwa ufadhili huenda kusoma shahada hiyo ya mwaka mmoja, hivyo ndio wanaopaswa kulizingatia zaidi jambo hili. Anayeshiriki nyumba na mwanafunzi wa shahada ya kwanza atamwona mwenzake akifanya saa 40 mwezi Julai kwa halali kabisa, akadhani ruhusa ni ya wote. Njia salama ni kuomba kalenda ya kozi kwa maandishi kutoka ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo na kuihifadhi, kwa kuwa waajiri nao huitaka.

Kazi zisizoruhusiwa kabisa

Zipo kazi ambazo hata saa moja hairuhusiwi. Mwenye viza ya mwanafunzi hawezi kujiajiri wala kuendesha biashara. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu za simu kwa kawaida huhesabiwa kuwa kujiajiri, na kukodi akaunti ya mtu mwingine ili kufanya kazi hiyo ni kuongeza kosa juu ya kosa. Kusuka nywele chumbani kwa malipo, kuuza bidhaa mtandaoni na kupiga picha katika sherehe kama mpigapicha wa kujitegemea vimo katika kundi hilo hilo. Kazi ya burudani jukwaani na ya mwanamichezo wa kulipwa nazo zimezuiwa. Aidha, mwanafunzi haruhusiwi kujaza nafasi ya ajira ya kudumu ya muda wote anapokuwa bado anasoma.

Waajiri hawana nafasi ya kufumba macho. Tangu Februari 2024 anayemwajiri mtu asiye na haki ya kufanya kazi anaweza kutozwa hadi pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi katika kosa la kwanza, na hadi pauni 60,000 akirudia. Kwa sababu hiyo mwajiri makini humtaka mwanafunzi atoe msimbo wa kuthibitisha haki yake ya kazi, unaopatikana katika akaunti ya viza ya kielektroniki. Mfumo huo umechukua nafasi ya kadi za ukaazi, na akaunti ni lazima iunganishwe na pasipoti inayotumika. Anayepata pasipoti mpya anapaswa kubadili taarifa zake kabla ya kusafiri.

Kikomo cha saa hakipunguzi haki za mwanafunzi kazini. Kima cha chini cha malipo, likizo yenye malipo na hati ya mshahara vinamhusu sawa na mfanyakazi mwenyeji. Mwajiri anayependekeza kulipa fedha taslimu "ili saa zisionekane" anamweka mwanafunzi katika hatari na wakati huo huo anamnyima ushahidi wa kudai anachostahili.

Baada ya masomo

Viza ya kozi ya miezi 12 au zaidi huwa na miezi minne ya ziada baada ya kozi kumalizika. Ya kozi ya miezi sita hadi pungufu ya 12 huwa na miezi miwili. Katika kipindi hicho mhitimu anaweza kuomba viza ya wahitimu, inayoruhusu karibu kila aina ya kazi, ikiwemo kujiajiri, bila kuhitaji mwajiri mdhamini. Maombi hufanyika akiwa ndani ya Uingereza, kabla viza ya mwanafunzi haijaisha, na baada ya chuo kuijulisha wizara kuwa amehitimu. Anayerudi nyumbani kwanza kwa nia ya kuomba akiwa Dar es Salaam huwa amekwisha ipoteza nafasi hiyo.

Kwa watakaowasilisha maombi hadi tarehe 31 Desemba, 2026, viza hiyo ni ya miaka miwili. Kuanzia tarehe 1 Januari, 2027 itakuwa ya miezi 18, isipokuwa kwa wenye shahada ya uzamivu, ambao wataendelea kupewa miaka mitatu. Haiongezwi muda ikimalizika, na tozo yake ya afya ni pauni 1,035 kwa mwaka. Mhitimu ambaye ada na gharama zake zote zililipwa na serikali au mfuko wa kimataifa wa ufadhili ndani ya miezi 12 iliyotangulia anahitaji ridhaa ya maandishi ya mfadhili. Wanufaika wa Chevening wana sharti zito zaidi, kwani mkataba wao unawataka kurejea nchini kwa angalau miaka miwili.

Njia ya kudhaminiwa na mwajiri ipo, lakini imebana. Tangu tarehe 22 Julai, 2025 mshahara wa kuanzia kwa kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka, ukiwa na unafuu wa hadi pauni 33,400 kwa wanaoanza ajira, na kazi yenyewe kwa kawaida iwe ya ngazi ya shahada. Siku hiyo hiyo ndipo ulipofungwa mlango wa kuajiri wahudumu wa matunzo kutoka nje ya nchi. Ahadi ya msimamizi wa nyumba ya wazee kwamba "utadhaminiwa ukimaliza" haifai kuwa msingi wa mipango ya familia.

Kuhusu familia, tangu Januari 2024 anayesoma shahada ya uzamili ya darasani hawezi kuambatana na mwenza wala watoto. Nafasi hiyo imebaki kwa wanaosoma shahada za utafiti na wanaofadhiliwa kikamilifu na serikali.

Ubalozi wa Tanzania London hutoa huduma za kikonsuli, lakini hauna mamlaka ya kutoa wala kurefusha viza ya Uingereza. Ushauri wa uhamiaji nchini humo hutolewa kisheria na watu waliosajiliwa tu, na ofisi za wanafunzi wa kimataifa vyuoni huutoa bila malipo. Wakala anayenadi viza ya masomo kama njia ya kwenda kufanya kazi aulizwe maswali kabla ya kulipwa. Kwa mwanafunzi ambaye tayari amezidisha saa, hatua ya kwanza ni kusimamisha saa za ziada, kukusanya mikataba na hati zake za mshahara, na kumwona mshauri wa chuo kabla ya kujaza maombi mengine yoyote ya viza, kwa kuwa maombi hayo huuliza kama mwombaji aliwahi kukiuka masharti, na malipo yake yamekwisha andikwa katika mfumo wa kodi.