Saa Ishirini kwa Juma

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya vijana wetu waendao Uingereza kusoma, na sheria ya kufanya kazi ya ujira huko. Habari hii yawahusu wazee pia, maana mara nyingi fedha ya safari huchangwa na ukoo mzima, na kosa la juma moja laweza kuipoteza yote.

Kwanza, yafaa kufahamu ya kwamba viza ya mwanafunzi ni ruhusa ya kusoma, si ruhusa ya kutafuta mali. Kwa kawaida mwombaji hutakiwa kuonyesha kuwa anazo fedha za karo na za maisha, nazo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Basi mtu asisafiri kwa tumaini la kulipa karo kwa ujira wa kibarua.

Asomaye shahada katika chuo kikuu, kwa kawaida huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Asomaye masomo yaliyo chini ya shahada huruhusiwa saa 10. Wakati wa likizo, hao waweza kufanya kazi siku nzima. Wako wengine wasioruhusiwa kabisa. Kwa hiyo kila mtu na asome masharti ya viza yake, asitegemee ya mwenzake.

Sasa angalieni namna ya kuhesabu, maana ndipo wengi hujikwaa. Juma huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, na kila juma huhesabiwa peke yake. Tuseme kijana amefanya kazi saa 25 juma hili, na juma lifuatalo saa 15. Atasema, “Jumla ni 40 kwa majuma mawili, sikukosa.” La, amekosa! Saa 5 za juma la kwanza zimevuka mpaka, wala upungufu wa juma la pili hauzifuti. Kadhalika akifanya saa 12 hotelini na saa 10 dukani, amefikisha 22, naye amevunja sheria, ingawa mabwana wake wote wawili hawaoni kosa.

Neno likizo nalo lina mtego. Wanafunzi wengi wa shahada ya uzamili huandika tasnifu zao miezi ya kiangazi. Kwao huo ni wakati wa masomo, ijapokuwa wenzao wa shahada ya kwanza wamekwisha funga. Hapana budi kuuliza chuo kwanza.

Tena ziko kazi zilizokatazwa: kuendesha biashara yake mwenyewe, kucheza mpira wa kulipwa, na kutumbuiza watu kwa ujira. Hata kupeleka chakula majumbani kwa baiskeli, kama afanya kwa hesabu yake mwenyewe, ni biashara.

Avunjaye sheria hii aweza kufutiwa viza na kuamriwa kuondoka kabla ya kupata shahada. Mshika mbili moja humponyoka. Basi mwanafunzi na awe na daftari ndogo, aandike saa zake kila siku.

Nanyi wazee, mnapompelekea habari za kuomba fedha, kumbukeni ya kuwa saa zake zimepimwa. Msimsukume avuke mpaka, mkapoteza kile mlichomtuma kukitafuta.