Pumzisha kiungo kinachokulisha

Msanii akivunjika mguu, jirani watamwona na kumpa pole. Lakini akianza kupoteza macho au masikio kidogo kidogo, hakuna anayetambua, na mara nyingi mwenyewe huwa wa mwisho kujua. Anapofika kwa daktari, sehemu ya kile alichopoteza huwa haiwezi kurudishwa.

Mtaa wa Makina, Kibera, umejaa watu wanaoishi kwa ufundi. Wamo akina mama wa Kinubi wanaosuka makawa ya rangi, washonaji, wachoraji wa mabango, wapiga gitaa, vijana wanaohariri video, na mafundi wanaochonga vipuli na shanga kutokana na mifupa ya ng'ombe. Wengi wamejiajiri. Hawana likizo ya ugonjwa. Siku isiyo na kazi ni siku isiyo na unga.

Shida ni kwamba wengi hupumzika kwa kutumia kiungo kilekile kilichochoka. Mshonaji aliyekodolea sindano macho tangu asubuhi hukesha akitazama simu. Mpiga gitaa hutoka jukwaani, akapanda matatu yenye muziki wa kupasua masikio, kisha akavaa vipokea sauti hadi alale. Ushauri wangu wa juma hili ni mmoja: anayefanya kazi kwa macho apumzike kwa masikio, na anayefanya kazi kwa masikio apumzike kwa macho.

Kwa wenye kazi ya macho: sikiliza

Unapokazia jicho kitu kilicho karibu, misuli yake hubaki imekazwa, nawe husahau kupepesa. Jicho hukauka, likawasha, na kichwa kikauma. Kila baada ya dakika 20, inua uso utazame kitu kilicho mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Fanya kazi penye mwanga wa kutosha.

Ukipita miaka 40, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu. Ikiwa unalazimika kuinyoosha mikono ili utie uzi kwenye sindano, huo si uchawi wala uvivu, unahitaji miwani. Nenda pia upimwe presha ya macho, maradhi yanayoiba uwezo wa kuona bila maumivu yoyote. Kinachoibwa hakirudi.

Jioni, weka simu kando ufungue redio au santuri ya zamani kwa sauti ya chini. Tafuta taarab ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar aliyesafiri hadi Bombay mwaka wa 1928 kurekodi nyimbo zake. Ukipenda ya Kenya, wapo Fundi Konde, Fadhili William na Daudi Kabaka. Fumba macho usikilize.

Kwa wenye kazi ya masikio: soma

Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo laini ambavyo hupokea sauti. Zikifa kwa kelele hazioti tena. Wataalamu husema sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku, na kila inapoongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100, kiwango ambacho spika za jukwaani hukifikia kwa urahisi, muda salama ni dakika 15 tu.

Vaa vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Pamba haitoshi. Usisimame mbele ya spika, na baada ya tamasha yape masikio kimya cha siku nzima.

Kimya hicho ni wakati mzuri wa kusoma. Jaribu "Siku Njema" ya Ken Walibora, riwaya iliyotoka mwaka wa 1996. Kama huna subira ya kitabu kirefu, chukua "Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine", kwani hadithi moja humalizika kwa kikao kimoja. Asiye na pesa za kununua aulizie katika maktaba ya umma ya Kibera.

Kwa wachongaji na wasukaji: tazama

Vumbi la mifupa, pembe na mbao huingia hadi ndani ya mapafu, na leso iliyofungwa usoni haizuii vumbi laini. Lowesha mfupa kabla ya kuukata, fanyia kazi penye hewa, na uvae barakoa maalumu ya vumbi. Wasukaji nao waisimamishe mikono kila nusu saa, wanyooshe vidole, kisha wasimame na kutembea kidogo.

Siku ya mapumziko, mikono ikae bure. Tazama filamu kwenye runinga iliyo mita 2 au 3 mbali nawe, si kwenye simu. "Soul Boy" ya Hawa Essuman (2010) ilipigwa papa hapa Kibera, na huchukua kama saa moja tu. "Supa Modo" ya Likarion Wainaina (2018) inahusu msichana mgonjwa na watu wanaompenda. Itakufaa hasa ikiwa unamuuguza mtu.

Usingizi hauna badala

Miraa na kahawa huficha uchovu, haviuondoi. Mtu mzima anahitaji saa 7 za usingizi au zaidi. Wazo lililokataa kuja saa nane za usiku mara nyingi hujileta lenyewe asubuhi.

Usingoje, mwone daktari ukipatwa na haya: macho kuuma au kufifia ghafla, masikio kuvuma kwa zaidi ya siku mbili, vidole kufa ganzi usiku, au kikohozi cha wiki mbili, ambacho lazima kichunguzwe kifua kikuu. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta haziko mbali na Kibera.

Cherehani hutiwa mafuta, na gitaa hubadilishiwa nyuzi. Jicho na sikio havina vipuri dukani. Vitunze.