Tairi Huchaguliwa Kabla ya Vumbi Kutimka

Wakazi wa Kampala waendao Garuga, kwenye njia ya Entebbe, au Busiika, upande wa Luweero, siku za mashindano ya magari na pikipiki, hupenda kutazama vumbi na kusikiliza ngurumo za mitambo. Sisi tumejizoeza kutazama jambo jingine: mafundi waliochuchumaa kando ya magurudumu kabla dereva hajaketi kwenye usukani. Hapo ndipo wengi hushinda au hushindwa, nasi wanajeshi na polisi tuna la kujifunza kwao.

Mwalimu mwema wa somo hili ni kile kigari kidogo cha mashindano kiitwacho gokati, ambacho Art Ingels alikiunda mara ya kwanza huko California, Marekani, mwaka 1956. Gokati haina springi. Haina pia difrensho ya kuyawezesha magurudumu ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti kwenye kona. Mtikisiko wote na mshiko wote hutegemea tairi nne. Kosa dogo la tairi huonekana mara moja.

Fundi wa viwanja vya udongo mkavu huipima ardhi kwanza. Huenda kwa miguu, akaikwangua kwa kisigino. Akikuta vumbi na changarawe juu ya ardhi ngumu, hali iliyo sawa na gololi zilizomwagwa sakafuni, hutaka tairi yenye meno yaliyoachana, yapate kupenya hadi penye uimara. Akikuta udongo ulioshindiliwa hadi ukang'aa, hutaka mpira laini wenye meno madogo yaliyokaribiana, ili sehemu kubwa ya mpira iguse ardhi. Penye mawe makali huchagua mpira mgumu, kwani ule laini huliwa upesi. Wala hachagui mara moja tu, maana uwanja wenye umande asubuhi si ule uliokaushwa na jua la saa nane.

Baada ya kuchagua huja kutayarisha. Tairi iliyokwisha kupata moto mara nyingi hufanya ngozi ngumu, nayo huondolewa kwa msasa ili mpira mpya utokeze. Wako wanaopaka dawa za kulainisha mpira. Mashindano mengi yamezikataza, na mvuke wake hudhuru mapafu. Ushindi wa namna hiyo hauna heshima.

Kisha upepo. Hupimwa tairi ikiwa baridi, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani huongezeka nguvu ipatapo joto. Upepo ukizidi, tairi hutuna katikati, hugusa ardhi kwa sehemu ndogo na kurukaruka penye mawimbi ya barabara. Ukipungua, ubavu hujikunja, huchemka, na jiwe hulifikia rimu.

Haya si mageni kwetu. Mbio za Safari zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mzaliwa wa Kampala, Shekhar Mehta, alizishinda mara tano: mwaka 1973, kisha miaka minne mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Katika safari ndefu namna ile ya vumbi na mawe, asiyezitunza tairi zake hafiki, hata awe hodari vipi.

Nasi tuliwahi kulipa gharama ya kutolijua somo hili. Tulipokuwa makadeti, lori lililotubeba liliteleza kwenye kona ya barabara ya moramu, mchana mkavu usio na tone la mvua, likaingia mtaroni. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono. Dereva hakuwa mlevi wala hakukimbia kupita kiasi. Alikuwa amejaza upepo mwingi asubuhi ile, akiamini kwamba tairi ngumu ndiyo salama. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyemwuliza, na kwa hiyo hatuwezi kumwachia lawama peke yake.

Yafaa ieleweke kwamba kipimo cha gokati si kipimo cha lori wala cha gari la doria. Kila gari lina kipimo chake kilichoandikwa na watengenezaji, kwa kawaida mlangoni au kitabuni, nacho hubadilika kulingana na mzigo. Lakini desturi ni moja. Kabla ya kuondoka, pima upepo tairi zikiwa baridi. Pitisha kidole kati ya meno uyaondoe mawe. Tazama ubavu kama umepasuka. Kagua tairi ya akiba pia. Tairi kipara isitoke langoni, hata amri iwe ya haraka kiasi gani.

Kamanda wa gari, usione haya kumwuliza dereva wako: umepima? Nawe dereva, usione ni kudharauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huo huenda ukawa ni uhai wa wenzako kumi waliokaa nyuma yako.