Dumu la Mjomba

Anayetaka kujua mboga za Morogoro mjini zinatoka wapi aamke alfajiri, asimame kwenye njia zinazoteremka kutoka Towelo, kijiji cha milima ya Uluguru. Wanawake hupita mmoja nyuma ya mwingine, ngata kichwani, na juu ya ngata tenga la sukuma wiki, chainizi na figiri. Mafungu yamefungwa tangu jana jioni na kunyunyiziwa maji yasinyauke. Kuna miteremko ambayo bodaboda haithubutu, kwa hiyo kichwa ndicho gari.

Milima hii ya Uluguru ni ya akina mama. Nasema hivyo kwa maana halisi: kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, ardhi ni ya ukoo huo, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Hata uchifu wa Kingalu, ambao jina lake limepewa soko kuu la mjini, hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Mume anaweza kulima miaka ishirini shamba la ukoo wa mkewe na bado akaitwa mgeni pale kikao kinapokaa. Ndiyo maana kilimo hai, kile kisichotumia dawa wala mbolea za dukani, kina mtihani wake huku. Mboji haimlipi mtu msimu mmoja. Udongo uliochoka huchukua miaka kurudiwa na nguvu, na aliyeazimwa shamba hujiuliza, kwa haki kabisa, anamnenepeshea nani.

Matuta yanayoshika udongo huo mteremkoni nayo yana historia chungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Mwaka 1955 watu walichoka, ghasia zikazuka, na mpango ukafa. Waliambiwa ni wakaidi, lakini walichokiona kilikuwa kweli: ngazi zile zilifukua udongo mfu wa chini na kuufukia ule wenye rutuba. Leo wajukuu wao wanachimba ngazi kwa hiari, ila sasa udongo wa juu hutengwa pembeni kwanza, kisha hurudishwa mahali pake, na kingo hupandwa majani ya kulishia mbuzi. Mbuzi hutoa samadi, samadi huingia kwenye lundo la mboji pamoja na majani makavu, mabichi na majivu. Katikati ya lundo huchomekwa kijiti. Ukikichomoa kikiwa cha moto, mboji inaiva. Kikiwa cha baridi siku za mwanzo, kazi bado.

Wadudu ni vita vya kila siku. Mchicha hauna shida sana, maana ndani ya mwezi mmoja umeshavunwa. Nyanya ndiyo huliza watu. Kantangaze, mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini, hutoboa majani hadi shamba lionekane limeunguzwa, na jina alilopewa linajieleza: nenda ukanitangaze. Mkulima hai humkabili kwa mwarobaini, pilipili kichaa na kitunguu swaumu vilivyotwangwa na kulowekwa, kisha hurudia kila baada ya mvua, huku jirani wa juu akipiga dawa ya dukani mara moja na kwenda zake kulala.

Na huyo jirani wa juu ndiye shida kubwa kuliko kantangaze. Mlimani kila kitu huteremka: maji, udongo, sumu. Huwezi kuwa hai peke yako. Shirika la SAT, lililoanzishwa mwaka 2011 na makao yake yakiwa Morogoro, limefundisha wakulima kwa vikundi, na wanaotaka nembo ya Kilimohai, yenye msingi katika viwango vya Afrika Mashariki vya mwaka 2007, wanaweza kukaguana wao kwa wao. Ni nafuu kuliko kumlipa mkaguzi kutoka mbali. Lakini kosa la mmoja linaweza kuwagharimu wote, na hapo ndipo mila inapoingia.

Maana fikiria: mkaguzi ni mpwa wa kike, na anayekaguliwa ni mjomba wake, mwenye kauli juu ya shamba analolima huyo mpwa. Nyuma ya nyumba kuna dumu lenye harufu kali. Binti atasemaje?

"Shikamoo mjomba. Dumu hili?"

"Marahaba. La dawa ya kuku hilo."

Kuku wenyewe wawili.

Binti hawezi kusema zaidi ya hapo; adabu imemfunga mdomo. Mwenye ruhusa ya kusema ni mtani. Waluguru wana utani kati ya ukoo na ukoo, na mtani huweza kumwambia mzee msibani neno ambalo mwanawe wa kumzaa asingethubutu. Kikundi chenye akili hakiendi kukagua bila mtani. Huyo ndiye atakayelinyanyua dumu, alinuse, akunje uso na kuuliza kwa sauti ya kusikika kijiji kizima kama kuku wa ukoo huu siku hizi wanaota kantangaze.

Mzee akicheka, dumu huondoka siku hiyo hiyo. Akinuna, mtani hurudi wiki ijayo, na safari hii huja na njaa, akitaka apikiwe mmoja wa wale kuku wawili.