Siku 84 za Mwalimu, na za Mkulima Je?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua mapacha. Akirudi kazini anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku tatu. Katika wilaya za Mbulu na Hanang haki hiyo inamfikia mwalimu wa Dongobesh, muuguzi wa Haydom na karani wa halmashauri pale Katesh. Haimfikii mama wa mahindi na mbaazi, wala anayelima vitunguu saumu Bashay, wala Mbarabaig mwenye ng'ombe wa kukamua alfajiri na jioni, nao ndio wengi. Sheria inaanza na neno mwajiriwa, na huyu hana mwajiri wa kumwandikia barua. Palizi ikifika imefika. Kwa hiyo tunaposema mama wa kisasa anahangaika kugawanya muda kati ya kazi na familia, tukumbuke kwamba mama wa wilaya hizi hajawahi kuwa bila kazi. Kilichobadilika ni mikono iliyokuwa ikimpokea.

Zamani likizo ilikuwepo, ila haikuitwa hivyo. Kwa Wairaqw na kwa Wabarabaig, mzazi alitengwa na watu kwa muda baada ya kujifungua, na sababu iliyotajwa ilikuwa mwiko. Ukiutazama mwiko huo kwa jicho la kazi, unaona mpango kamili: kwa kuwa yeye haruhusiwi kwenda kisimani wala shambani, lazima aende mwingine. Mama mkwe anapika, mke mwenza anakamua, binti mkubwa anabeba kuni. Sisemi turudi huko. Mwiko uleule ulimwelemea mama aliyefiwa na mtoto, ukamtenga wakati anawahitaji watu kuliko wakati wowote. Lakini hesabu ya mikono ilikuwa imefungwa, hakuna kazi iliyobaki bila mtu.

Leo hesabu hiyo haifungi. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari hadi kidato cha nne haina ada, na binti aliyekuwa akimshika mdogo wake kivulini yuko darasani, mahali pake hasa. Vijana wameshuka Babati na Arusha. Bibi naye yupo, lakini ana shamba lake. Mwajiriwa wa mjini anaziba pengo kwa dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana aliyetoka kijijini, kwa hiyo utulivu wa nyumba ya mwalimu unasimama juu ya mikono iliyopungua katika nyumba nyingine. Hili hatupendi kulisema.

Pengo hilo linaonekana kwa mtoto. Utafiti wa MAL-ED, uliofanyika katika nchi nane, uliwafuatilia watoto wa vijiji vinavyoizunguka Haydom. Akina mama wa huko wananyonyesha kwa muda mrefu, lakini maji, maziwa ya ng'ombe na uji humfikia mtoto mapema, kabla ya miezi sita, na udumavu ulikuwa mkubwa. Udumavu una sababu nyingi, maradhi ya kuhara yakiwemo. Hata hivyo tazama ukingo wa shamba wakati wa palizi: kanga imetandikwa chini ya mti, mtoto wa miezi mitatu amelala, pembeni chupa ya uji mwepesi, na mama yuko mistari thelathini mbele na jembe. Kliniki imemwambia maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na kliniki haikukosea. Ila miezi sita ni kama siku 180. Hata muuguzi aliyempa ushauri huo likizo yake inakwisha kabla ya nusu.

Wapo wanaosema bibi zetu walizaa kumi na wakalima bila likizo. Walizaa, ndiyo, wakiwa na ile mikono, na waliofia uzazini hawako tena kutusimulia. Wengine watasema kumpa baba mtoto amshike ni mambo ya kuiga. Basi Kenya, jirani yetu, imeiga nini ilipompa baba wiki mbili katika sheria yake ya 2007? Na katika milima hii wanaume huitana kujengeana nyumba na kuvuniana, wala hakuna anayeona aibu kufanya kazi ya nyumba isiyo yake. Aibu inakuja ikiwa ni nyumba yake.

Hoja nzito zaidi ni kwamba serikali haiwezi kumlipa kila mkulima likizo. Nakubali, haiwezi. Lakini vituo vya kulelea watoto mchana tunavijua tangu enzi za vijiji vya ujamaa, vikatungiwa sheria mwaka 1981, na Desemba 2021 ikazinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, inayohesabu umri tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Kituo kinachofaa hapa ni cha msimu: kiwe karibu na mashamba ili mama aje kunyonyesha, na kisifungwe saa sita mchana, kwa kuwa jembe halijalala saa hiyo. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia nne kati yake ni ya wanawake. Kikundi kikiomba fedha za mbegu ya vitunguu saumu, afisa anajua la kuuliza: magunia mangapi, bei gani. Kikiomba za kumlipa mlezi wa watoto kumi na wawili miezi miwili ya palizi, ataona hapo hakuna biashara. Amuulize mwenye shamba lililopaliliwa wiki mbili baadaye kuliko la jirani, amweleze alivuna debe ngapi.